Tulinagwe Wawili wa Mpuguso

Mwantum Hamis alikuwa fundi simu mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, na ndiye aliyekiandikia chama chetu cha kufa na kuzikana programu ya kutuma meseji za misiba. Mwanzoni wanachama walinung'unika. Wenye laini mbili walikuwa wameandikishwa mara mbili, kwa hiyo kila msiba uliwafikia mara mbili. Mwantum akajifungia wiki tatu, akatoka na kitu cha kujivunia: programu iliyopima majina yanavyofanana kwa sauti na kwa kijiji, na ikiyaona ni ya mtu mmoja, inafuta moja yenyewe.

"Hata mwalimu wangu wa chuo hajawahi kuandika hivi," alimwambia Ackson, katibu wa chama.

Ackson hakuelewa hata mstari mmoja. Alimpongeza tu.

Mwezi wa nne akafariki Sekela wa Kiwira. Ndugu zake walikiachia chama kupeleka habari. Sasa Mpuguso kulikuwa na Tulinagwe Mwakalobo na Tulinagwe Mwakalebo, na programu iliwafanya mtu mmoja. Aliyefutwa ndiye aliyechuma chai na Sekela kwa miaka thelathini. Habari aliipata sokoni, siku ya tatu baada ya maziko.

Bibi huyo alikuja dukani kwa Mwantum na matope miguuni, akaketi bila kusalimia.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Mwantum akaanza kumweleza jinsi majina yanavyolinganishwa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Meseji mbili zingeniumiza nini?" akauliza.

Mwantum alifunga duka, wakaenda pamoja Kiwira. Kaburini bibi alisema na rafiki yake kwa Kinyakyusa, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Mwantum alisimama mbali kidogo, analia.

Kesho yake alifuta kazi yote ya zile wiki tatu. Ikabaki mistari michache: chukua orodha, kila namba iliyomo itumiwe. Ackson aliisoma, safari hii akaielewa.

"Ikikosea, hata mimi nitaona," akasema.

Kwenye mkutano wa chama Mwantum alisimama akaungama kosa lake bila kutaja neno moja la kompyuta. Bibi Tulinagwe alimpa mkono. Lakini simu yake ilipoharibika mwaka ule, aliipeleka kwa fundi mwingine.