Kikundi Kilichokatazwa Shikamoo

Miaka ile ya soko huria, gesti zikichipuka Mikumi kama uyoga, nilirudi kutoka semina ya ushauri nasaha Morogoro kichwa kimenivimba. Nikawakusanya wajane wa mtaani kwetu, nikapanga viti duara na birika la chai katikati, nikatangaza sheria: humu hakuna mkubwa wala mdogo, kwa hiyo shikamoo marufuku.

Weee! Wadogo wakaona aibu kuongea mbele ya watu wa rika la mama zao bila kuwaamkia. Wakubwa wakanitazama kama mtoto asiye na adabu. Malori yalipita barabarani, tukabaki kuyahesabu.

Mara akaingia bibi mmoja aliyechelewa, hajui sheria wala nini.

“Shikamoo bibi!” walilipuka wote.

“Marahaba wanangu. Nyumbani mnaendeleaje?”

Akawapa mkono mmoja mmoja, nao wakamjibu kweli: huyu hapati usingizi, yule shemeji kamnyang'anya shamba. Walilia, kisha wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nilitamani kupiga vigelegele.

Zamu yangu ikafika. “Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Na wewe, nyumbani?”

Mimi, mshauri wao, niliongea mpaka chai ikapoa.