Kesi ya Kapita, Paka wa Sikujua

Katika komini ya Tshopo, mjini Kisangani, wauza tangawisi, kile kinywaji kikali cha tangawizi, wamejaa kama mende, lakini wengi wao wanakuuzia maji ya uvuguvugu yenye sukari na maneno matamu. Tangawisi yenyewe, ile inayokukwaruza koo mpaka ukumbuke dhambi zako, ilikuwa ya Sikujua, mke wa Mahmoudi. Mama wa makamo, mnene wa mikono, mwembamba wa maneno. Alitwanga, akachuja, akajaza chupa, akazipanga ndani ya frigo, yaani jokofu. Jua likipanda, watu wanapiga foleni mbele ya lupango lake, yaani ua wake, kama wanagawiwa viwanja.

Mahmoudi hakutwanga kitu. Yeye alikuwa mwenye frigo, na hiyo kwake ilikuwa kazi tosha. Mababu wa ukoo wake walifika Kisangani na misafara ya biashara, wakaacha msikiti, majina, na tabia ya kutembea kifua mbele. Msikiti na majina waligawana wote. Kifua alibaki nacho Mahmoudi peke yake. Ujanani aliwahi kumshikia ngazi fundi wa umeme kwa muda wa wiki tatu, na tangu siku hiyo hakuna waya uliopita mbele ya macho yake bila kupewa ushauri. Waya wa frigo aliuvuta mwenyewe, kutoka boksi ya ukutani, ukapita juu ya mlango wa jikoni, ukazunguka msumari, ukafungwa kwa plastiki ya mfuko wa mkate.

Frigo ile ilikuwa inauma. Kila aliyelala usiku mmoja katika nyumba ile alijua sheria yake: vaa kwanza babouche, zile sandali za plastiki zilizopangwa ukutani, halafu shika mkono wa mlango kwa kitambaa. Ukisahau, unapigwa mpaka kiwikoni. Mwingine angeona haya. Mahmoudi aliona fahari.

"Frigo yenye haiumi iko maiti," alikuwa akiwaambia wageni. "Hii yangu iko na nguvu ya chute yote ya Tshopo ndani." Chute ni yale maporomoko ya mto yanayoupa mji umeme.

Paka aliitwa Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa sababu hakufanya kazi mchana ila kutazama wengine wakifanya. Usiku alikuwa mtu mwingine. Panya wa lupango lile walihama kwa familia nzima, na sukari ya Sikujua ikalala salama katika gunia lake. Dume la rangi ya mchanga, na kwenye sikio moja kipara kidogo ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi. Sikujua hakuwa mtu wa kubembeleza wanyama, lakini alipokaa kuchuja tangawisi Kapita alikuja kulala juu ya mguu wake, naye hakuusogeza mguu ule hata ukifa ganzi.

Mvua za mwezi wa kumi zilileta sisimizi. Wakaivamia sahani ya paka, ya aluminiamu, iliyokaa miaka yote karibu na mlango. Sikujua akaisukuma kwa mguu mpaka pembeni ya frigo, ikaegemea kabisa mguu wa chuma, pale ambapo saruji hulowa kutwa kwa maji ya barafu. Sisimizi hawapendi kuogelea. Akajisifu kimoyomoyo, akaendelea na kazi.

Wiki ile ile Kapita akaharibika.

Alianza kuiogopa sahani. Anakuja na njaa, ananusa samaki, anatoa ulimi, halafu anaruka nyuma manyoya yamesimama kama brashi ya chupa. Anaitemea mate sahani. Anaizunguka, anaipiga kofi, anakimbia. Akaacha kabisa kupita njia ya jikoni kwenda uani, akaanza kukojoa juu ya kiti cha Mahmoudi, jambo ambalo, ukiuliza majirani, lilikuwa dalili ya akili zaidi kuliko ya ugonjwa. Akakonda mpaka mbavu zikahesabika.

Ajabu ni kwamba siku za giza alikuwa mzima. Umeme ukikatika siku mbili, Kapita anakula, anaoga kwa ulimi wake, anaua panya. Siku umeme unarudi, mtaa mzima unapiga kelele, "Courant imekuya!", watoto wanacheza, na yeye analia peke yake kama aliyefiwa.

Watu walioishia darasa la tatu wangeweza kufikiri kidogo hapo. Lakini mtaa ule ulikuwa na watu wa diploma.

"Unaona?" alisema Mama Annette, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akinunua tangawisi ya kwaya yake kila Jumapili. "Ule paka anachukia mwangaza. Na nani anachukia mwangaza? Ndoki! Muchawi!"

Sikujua akaweka chini chujio lake. Akamtafuta Docteur Philippe, mganga wa mifugo, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kupiga muhuri mapaja ya ng'ombe waliokwisha kufa, wagonjwa wasiolalamika. Philippe akaja na buti zake za mpira mpaka magotini. Akaegemeza kiwiko chake juu ya frigo, akamwangalia Kapita kutoka mbali, kama mtu anayeangalia deni.

"Anakula?"

"Anapenda kula, Docteur, lakini anaogopa sahani."

"Anaogopa sahani?"

"Anaweka ulimi, anaruka. Kama imemupiga."

Philippe akafunga macho. Elimu ilikuwa inapanda kutoka chini. "Bon. C'est nerveux."

"Nerveux iko ugonjwa gani?"

"Iko ugonjwa ya ma-nerfs, mishipa ya fahamu, mama."

"Na dawa yake?"

Dawa yake ilikuwa ya minyoo ya mbuzi, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni. Kapita aliharisha siku mbili. Sasa alikuwa na magonjwa mawili, moja halijulikani na lingine limeletwa na daktari.

Mahmoudi naye hakubaki nyuma. Alisema ni baridi. Kesho yake akasema ni joto. Halafu akasema paka dume akizeeka huwa anakuwa mjinga, na Sikujua akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akarudi kutwanga.

Ndipo alipokuja Kasoki. Huyu ni Mnande wa Butembo, mama wa depo ya maharagwe ya jumla upande wa pili wa barabara, Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi, mtu wa kusema mambo yake kwa kifupi.

"Mama Nuru," alisema, kwa sababu Sikujua ana binti anayeitwa Nuru, aliyeolewa Opala. "Unipe paka siku tatu. Kwangu panya inakula maharagi kupita ma-clients."

"Iko mugonjwa, mama."

"Hata mimi niko mugonjwa. Ninatumika tu."

Sikujua akampa. Na siku ya tatu Kasoki akamrudisha Kapita akiwa amembeba kama mtoto wa ubatizo: tumbo limejaa, manyoya yanang'aa, macho yametulia. Alikuwa ameua panya mpaka Kasoki akachoka kuwafagia. Sikujua akalia machozi kidogo, akayafuta kwa kanga, akamwekea samaki mzima ndani ya sahani yake, pale pale penye maji pembeni ya frigo.

Kapita akatoa ulimi. Akapiga ukelele uliosikika barabarani, akapanda pazia.

Mama Annette alikuwa mlangoni. Watu wa namna yake huwa mlangoni daima.

"Ee Nzambe, Mungu wangu!" akasema. "Kwa Kasoki anapona, kwa Mama Nuru anaharibika. Donc paka haiko na kitu. Nyumba ndiyo iko na kitu!"

Neno lile lilitembea mbio kuliko pikipiki. Kufika jioni lilikuwa limevuka soko. Kesho yake foleni ya tangawisi ilikuwa ya watu wanne, kesho kutwa mmoja, naye alikuwa mgeni aliyeuliza njia. Kwaya ikahamia kwa muuzaji mwingine, ikaimba kwa sauti ya maji ya uvuguvugu. Watoto wakaambiwa wapite mbali na lupango lile. Wale wale waliokunywa tangawisi ile miaka tisa wakaanza kukumbuka kwamba, kwa kweli, tumbo lilikuwa likiwasumbua.

Mahmoudi akatoa hukumu. "Ijumaa, kisha swala, Kasoki anakuya kubeba paka kwa siku zote. Na Docteur atakuwa hapo, aseme mbele ya watu kama ni ugonjwa tu. Bon, imeisha."

Haikuwa imeisha, na Sikujua peke yake aliliona hilo. Kapita akienda akanenepa kwa Kasoki, mtaa wote utakuwa na ushahidi wa nyama na manyoya kwamba nyumba yake inaua. Akibaki, atakufa, na huo nao utakuwa ushahidi. Alikuwa anapoteza paka na jina kwa pamoja, na mume wake anamwambia bon.

Ijumaa wakaja. Sikujua alitandika mkeka mpya sebuleni, na mkekani hakuna viatu, hata kwa mtu wa serikali. Kasoki alivua vyake bila shida, akaweka pembeni kikapu cha kubebea paka. Mama Annette, ambaye hakualikwa, alivua mbele ya wote. Docteur Philippe alihangaika na buti zake mpaka Mahmoudi akamvuta mguu, na soksi za Docteur zikabaki humo humo ndani kwa woga. Miguu iliyotoka ilikuwa myeupe na laini, ya mtu ambaye hajakanyaga ardhi tangu apate cheo.

Kapita alikuwa juu ya kabati, akiwaangalia.

Philippe akaanza. Kwamba sayansi ina mipaka. Kwamba ma-nerfs ya paka ni madogo sana. Kwamba hata Ulaya kuna mambo ambayo hawayaelewi. Mama Annette akaitikia "amina" mahali pasipostahili. Mahmoudi akasema yeye tangu mwanzo alijua, ila hakusema alijua nini.

Jua lilikuwa kali na umeme ulikuwapo. Koo la Docteur likakauka kwa elimu.

"Maman, hakuna kitu ya baridi?"

"Iko tele, Docteur," alisema Sikujua kwa uchungu. "Siku hizi hakuna mutu anainywa. Jikoni pale, ujichukulie."

Philippe akainuka, akashika njia ya jikoni na miguu yake mitupu, akakanyaga saruji iliyolowa, akanyoosha mkono. Na Mahmoudi, bwana wa frigo, akaruka kutoka mkekani kama amekaa juu ya msumari.

"Docteur! Docteur! Usiguse! Vaa babouche kwanza, frigo itakuuma!"

Alichelewa. Kutoka jikoni kulisikika neno la Kifaransa ambalo halifundishwi shuleni, halafu kishindo cha mtu mwenye cheo akikaa chini bila kupenda. Akarudi ameshika kiwiko chake, nywele chache alizonazo zimesimama, macho yametoka.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamwangalia Sikujua, kwa sababu Sikujua alikuwa ameganda. Alimwangalia Docteur: nywele, macho, ule mruko. Mruko ule aliujua. Alikuwa ameuona kila siku ya umeme kwa mwezi mzima, juu ya miguu minne. Akainua macho mpaka juu ya kabati.

"Papa Nuru," alisema taratibu.

"Nini?"

"Babouche ya Kapita iko wapi?"

"Paka? Paka anavaa babouche?"

"Mi ndio ninakuuliza wewe, fundi. Sisi wote tunavaa. Wageni wanavaa. Kapita je, umemununulia ngapi?"

Sikujua akainuka, akapita jikoni miguu mitupu, akainama, akaigusa sahani ya aluminiamu kwa ncha ya kidole kimoja. Wote walimwona mkono ukirudi wenyewe. Hakupiga kelele. Akarudi na kidole kile amekisimamisha mbele ya uso wa mume wake.

"Anaweka ulimi humu. Ulimi, Papa Nuru."

Kasoki ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea kikapu kikavunjika mshikio. "Kwangu hakuna frigo!" alisema akijipangusa machozi. "Mi ninauza maharagi! Ndoki yenu iko waya!"

"Ile ni nguvu ya courant," alisema Mahmoudi, lakini kifua kilikuwa kimeanza kushuka. "Frigo yenye haiumi..."

"...iko maiti," Sikujua akamalizia. "Basi leo itakufa. Toa prise."

Mahmoudi akavaa babouche, akaichomoa. Hakuna aliyempongeza.

Mama Annette alikuwa tayari anatafuta viatu vyake, amegeukia ukuta. Sikujua akamwita kwa sauti ya asali. "Mama Annette, usikimbie. Paka anachukia mwangaza, si ndiyo ulisema? Uende ujaribu na ulimi yako, utuambie kama unaupenda."

Jumatatu fundi wa kweli alikuja, kijana kimya asiye na kifua. Alipoona plastiki ya mfuko wa mkate, akamwangalia Mahmoudi, akaangalia tena plastiki, akafanya kazi yake. Alizika waya mmoja ardhini, wa kuupeleka udongoni umeme unaovuja, akabadilisha ule mwingine wote. Frigo haikuuma tena mtu, na babouche ukutani zikabaki pale kama ukumbusho wa ujinga uliopangwa vizuri jozi kwa jozi.

Foleni ilirudi. Ilirudi bila aibu, kama kawaida ya foleni. Kila mmoja akasema hakuwahi kuamini yale maneno. Docteur Philippe anaeleza sokoni mpaka leo kwamba ni yeye aliyegundua, kwa mkono wake mwenyewe, na hilo angalau si uongo. Kwaya ya Mama Annette ilituma mtoto na bidon, dumu tupu la plastiki. Sikujua aliijaza, ila tangawisi ile aliitwanga mara mbili, na Jumapili hiyo sauti ya kwanza ilikohoa tangu mwanzo wa misa mpaka baraka.

Kipara cha sikio la Kapita bado hakijulikani kimetoka wapi, na hakuna aliyethubutu kumwita daktari.

Ila sahani ya aluminiamu Kapita aliikataa. Uioshe, uihamishe, uiweke uani juani: anaitemea mate. Anakula tu katika sahani ya kauri yenye maua ya buluu, iliyokuwa ya Mahmoudi tangu siku ya harusi na ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mahmoudi alilalamika wiki moja. Sikujua alimpakulia wali wake vizuri, na mchuzi juu, ndani ya ile ya aluminiamu.

"Kula, fundi," alimwambia. "Sasa haiumi."