Mboga za Waceke Zenye Matobo

Waceke hakuwa mtu wa maneno matamu. Wateja wake wa mtaa wa West Indies walilijua hilo, na kwa miaka kumi walimvumilia kwa sababu mboga zake zilijenga mwili. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, bila mtoto. Yeye na marehemu mumewe, Githinji, walitoka Nyeri wakanunua kipande cha shamba kando ya Langas, na Githinji alipofariki, mama huyu akabaki akilima peke yake. Alipanda managu, terere na kunde, mboga za majani za kwao, kisha akajifunza saga na mrenda, mboga za majirani waliotoka magharibi. Mbolea yake ilikuwa samadi. Wadudu aliwanyunyizia majivu na maji ya pilipili, na wale waliokataa kufa aliwaachia fungu lao.

"Kama mdudu amekataa kula," alizoea kusema, "wewe unakula kwa nini?"

Yeye mwenyewe alikula alichopanda, na meno yake yalikuwa bado yanamenya muwa. Mama aliyejifungua na kupungukiwa na damu, Waceke alimpelekea managu yaliyoungwa kwa maziwa, asubuhi na jioni, na kumsimamia mpaka amalize sahani. Nekoye, mke wa karani mmoja pale West Indies, alipomzaa binti yake Sarah, viganja vyake vilikuwa vyeupe kabisa. Mwezi mmoja wa managu ya Waceke ukamsimamisha.

Lakini shukrani ya tumbo haikai. Mwaka wa themanini na sita, Ephantus, mdogo wake Githinji, aliyelima shamba lililopakana na la shemeji yake, alianza kuuza sukuma wiki pana kama sinia, laini, bila tobo hata moja. Wateja wakamkimbilia. Nekoye naye alihama, kwa kuwa wageni wa mumewe walikuwa wameyacheka matobo kwenye mboga zake. Vyote ving'aavyo si dhahabu, lakini nenda umwambie hivyo mtu mwenye wageni.

Waceke alijua kuna kitu. Kila jioni harufu kali ilivuka ua na kumkaba koo, na siku kuku wake walipopenya upande ule, sita walikufa kabla ya jua kutua. Alikwenda kumuuliza Ephantus ananyunyizia dawa gani. Ephantus alimjibu kwa kofi mbele ya vibarua, akamwangusha kwenye mtaro, akamwambia lile ni shamba la ndugu yake na mjane asiyejua kunyamaza anaweza kurudishwa kwao. Waceke aliinuka, akatema damu, akaenda zake. Kesho yake alipita mlango kwa mlango akiwaonya watu.

Wengi walisema ni wivu wa biashara. Kwa Nekoye ndiko alikojikwaa ulimi. Alimkuta akikatakata sukuma huku Sarah, wa miaka mitatu, akijilia majani mabichi ubaoni. Uchungu ukampanda, akasema bila kupima, "Mama Sarah, ukiendelea kumpa mtoto hii kitu, utamzika."

Hayo ni maneno ya kusemwa na daktari, siyo na mjane mzee asiye na mtoto. Pale mtaani, mtu wa namna hiyo akitaja kaburi la mtoto wa mwenzake, ameshakuwa mchawi, kinachosubiriwa ni ugonjwa tu. Na ugonjwa haukuchelewa. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Sarah alianza kutokwa na jasho na mate, mwili ukamtetemeka, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Walimkimbiza hospitali ya misheni kule Plateau. Madaktari waliuliza mtoto amekula nini. Nekoye alisema ni sukuma tu, kama watu wote. Kisha akamwachia mumewe mtoto, akapanda gari la kurudi mjini. Alikuwa na hakika kwamba dawa ya mwanawe haiko hospitalini, iko mikononi mwa yule aliyemfunga.

Saa kumi alasiri alifika kwa Waceke na watu kama thelathini wenye marungu na mawe, naye mkononi ana mchi wa kutwangia. Walimkuta akipalilia. Hawakumsalimia. Walimburuta kwa nguo hadi uwanjani, wakavunja mlango, wakamwaga mitungi ya mbegu wakitafuta hirizi. Walipoikosa, hasira zikazidi.

"Fungua mtoto wangu," Nekoye alisema.

Waceke alisema hajamfunga mtu. Mchi ulimpata juu ya kiwiko, na mfupa ukalia hadi watu wa nyuma wakausikia. Alipiga magoti. Mwanamume mmoja alimkanyaga mgongoni, jiwe likampasua sikio, na mwingine akawa tayari anauliza nani ana mafuta ya taa. Waceke aliogopa sana. Aliomba kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, na hakuna aliyemsikia.

Ephantus alikuwa amesimama penye ua, mikono mfukoni, akisema yeye aliwaambia watu zamani kwamba huyu ni mchawi. Mkewe, Muthoni, alikuwa nyuma yake. Waceke alimwona, na ndipo akapata la kusema.

"Muulizeni Muthoni," alisema huku amelala kifudifudi, "nyumbani kwao wanakula mboga ya wapi."

Watu wakageuka. Ephantus alimwambia mkewe aende ndani. Muthoni hakwenda, akapigwa ngumi ya mdomo, na hiyo ngumi ndiyo iliyomfungua.

"Tunakula ya huyu mama," alisema. "Nakuja kuchuma hapa alfajiri, yeye ananipa. Hiyo ya kuuza hatujawahi kula. Bwana yangu alikataza."

Kila mtu akahesabu alichokula wiki ile. Kisha wakamwangukia Ephantus. Marungu yaleyale, mawe yaleyale. Meno yake ya mbele yalitoka, akalia kama mtoto. Waceke alitazama, na tusimsingizie utakatifu: alifurahi. Alitamani wammalize. Kisha akamkumbuka yule mtoto kule Plateau. Akajikokota, akajitupa juu ya shemeji yake, mkono uliovunjika ukining'inia, na fimbo mbili zilizomlenga Ephantus zikamshukia yeye.

"Mkimuua, nani atawaambia alinyunyizia nini?" alipiga kelele. "Daktari anauliza." Akamshika Ephantus kooni kwa mkono mzima. "Sema."

"Ya kupe," Ephantus alisema kwa mapovu ya damu. "Ile ya kuogeshea ng'ombe. Nilipiga jana jioni."

Nekoye aliangusha mchi. Alikimbia hadi stoo ya Ephantus, akatoka na kopo lenye jina la dawa ubavuni, akaliwahisha Plateau. Madaktari walipolisoma walijua la kufanya. Sarah alilala huko siku tisa, akapona. Watu waliing'oa sukuma yote ya Ephantus na kuichoma, kisha wakarudi makwao. Waceke hakupelekwa popote na mtu. Muthoni, midomo imevimba, ndiye aliyemfunga mkono kwa vibao na leso.

Mfupa uliunga vibaya, mkono ukapinda. West Indies yote ilirudi kununua kwake, na sasa walichagua majani yenye matobo mengi zaidi. Hakuna aliyesema pole. Walimsifu tu kwamba mboga zake ni nzuri kwa afya.

Nekoye alikuja baada ya miezi miwili, Sarah kando yake. Alinyoosha kikapu akitazama pembeni. Waceke alimjazia managu kwa mkono wa kushoto. Mtoto akauliza mkono wa nyanya umefanya nini. Nekoye alimvuta nguo anyamaze, lakini Waceke alishainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Ulivunjwa na mama yako," alimwambia. "Sasa nenda ukale mboga."