Gauni Lililovuka Mpaka

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Pindo, na jina hilo alilipata kwa ukorofi wake. Ukipita mbele ya kibanda chake na suruali iliyofumuka chini, alikuita kwa sauti ya kukuaibisha: "We baba, hebu njoo hapa! Nani amekuajiri kufagia barabara?" Kisha anachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, anapiga magoti na kukushonea papo hapo. Mimi nashona viatu kibanda cha pili, na kati yetu ni ukuta wa mbao tu. Habari zake nyingi sikusimuliwa, nilizisikia zikitokea.

Ushonaji alifundishwa na mama yake. Mama huyo alimalizia pindo kwa mkono hata kama cherehani ipo, na mwisho wa uzi alifunga vifundo viwili upande wa ndani, karibu na mshono wa ubavuni, ili uzi ukikatika pindo lisifumuke lote. Macho yalipomwishia uzeeni, aliendelea kukagua kazi ya binti yake kwa vidole. Alitembeza kidole gumba pindoni mpaka kwenye vile vifundo, akasema, "Haya, huyu ni wangu."

Tatizo, mama alikuwa upande wa pili. Zamani sisi tulikuwa nchi moja. Wakubwa wakagombana, wakaigawana kama mume na mke walioachana wanavyogawana masufuria, bila kuuliza chakula kilichomo ni cha nani. Fundi alikuwa ameolewa huku, mama amebaki nyumbani kwake kule. Mwanzoni tulidhani ni maneno ya redioni tu. Halafu wakajenga geti, na pale getini wakaweka sheria: kumtembelea ndugu ni mwezi mmoja kwa mwaka, basi. Mama akapooza upande mmoja, hata kupandishwa gari aletwe huku ikawa haiwezekani. Mtoto wake wa pekee akaruhusiwa kumuuguza mwezi mmoja, na miezi iliyobaki auguzwe na majirani wenye huruma.

"Mama yangu haumwi kwa zamu, kaka," aliniambia siku moja akiwa anapiga pasi. Aliikandamiza pasi mpaka nikaogopa ataunguza kitambaa cha watu.

Ndipo alipoanzisha kamati. Walikutana kibandani kwake, wameketi katikati ya nguo zilizotundikwa: mwalimu ambaye mkewe alikuwa kule, mzee ambaye wajukuu wake wote walizaliwa kule, na wengine kama hao. Walichotaka ni kitu kimoja: mtu mwenye ndugu wa damu au wa ndoa ng'ambo aruhusiwe kukaa naye mwaka mzima, na ukiisha aongezewe. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye mdomo lakini mwenye moyo pia, alikuwa akipita na kuwacheka.

"Wifi, unampigia mbuzi gitaa. Tena mbuzi mwenyewe yuko kwenye kiyoyozi."

"Atasikia tu, wifi. Ana masikio mawili."

Ofisi ya uhamiaji waliizoea kuliko nyumba za ndugu zao. Leo mkubwa yuko kikaoni, kesho mkubwa yuko safarini, keshokutwa mkubwa ametoka kidogo. Kutwanga maji kinuni kuna faida zaidi, maana mikono angalau inapata nguvu. Siku walipobahatika kumwona mkubwa mwenyewe, alikuwa anatoka, funguo za gari mkononi. Fundi akatazama chini, akaona pindo la suruali yake limefumuka. "Mheshimiwa, utaanguka kwenye ngazi," akasema, na kabla bwana mkubwa hajajibu alikuwa ameshapiga magoti na kumshika mguu. Basi akashona, na akasema. Alishona polepole siku hiyo, yeye ambaye pindo humchukua dakika chache tu, na mkubwa angeondoka vipi na mguu wake umeshonwa nusu? Alisikiliza kuanzia mama kupooza hadi wajukuu wa yule mzee. Mwalimu anasema mwishoni bwana yule alikuwa amelegea, akaahidi kulifikisha suala juu. Wiki ile tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kile ndicho kilichomponza. Habari ya suruali ya mkubwa ilizagaa, redio moja ikamwita. Mtangazaji, kijana mchangamfu, akamuuliza huo mwezi mmoja akiwa kwa mama yake hushinda anafanya nini. Nilikuwa nasikiliza kibandani, kiatu cha mtu magotini.

"Namwogesha, namlisha, namgeuza," Fundi alisema. "Akilala, mimi siwezi kukaa bure, mikono inawasha. Nimewashonea watoto wa mtaa mzima sare za shule. Sichukui hata senti. Hata askari wa pale getini nimemfupishia suruali!"

Mtangazaji alicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nani angejua kwamba ng'ambo nako kuna watu wanaosikiliza redio wakiwa na kalamu mkononi?

Mwezi wake ulipofika alifunga mizigo, akamchukulia mama yake kanga mpya na mafuta ya kukanda miguu. Alirudi siku ileile. Nilimwona anashuka na begi lake, nikadhani amesahau kitu. Getini walimwambia amevunja masharti: aliingia kama mgeni, akafanya kazi. Akasema hakulipwa. Wakasema kazi ni kazi. Haruhusiwi kukanyaga kule kwa miaka mitano. Yule askari aliyefupishiwa suruali alikuwepo, tena ameivaa, na alitazama pembeni.

Aliingia kibandani akaketi kwenye kiti cha cherehani, begi likiwa bado begani. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini nilijua kwamba siku hiyo methali isingemfaa kitu. Nikamletea maji. Hakunywa.

"Miaka mitano, kaka," alisema. "Mama yangu hana miaka mitano."

Wangapi wangeendelea na kamati baada ya hapo? Aliendelea. Wengine walimwonea huruma, wengine walimwona mjinga, na mimi nilimwona vyote viwili. Mwaka uliofuata nchi mbili zikatia saini. Ndugu wa damu na wa ndoa, mwaka mzima, na kuongezewa. Kila neno walilolidai. Watu walikumbatiana barabarani, mwalimu akalia kama mtoto, wakambeba Fundi juujuu na yeye akapiga makofi pamoja nao. Kisha akapeleka rufaa yake. Jibu lilikuja haraka, maana ubaya haupangi foleni: sheria mpya haiwahusu waliokwisha kufungiwa. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Alivumilia, mbivu wakala wengine.

Majirani wa kule wakapiga simu. Mama hali chakula vizuri tena, na kichwa kimeanza kupotea. Ndipo wifi yake, yule wa mbuzi na gitaa, akaja asubuhi moja akasimama mlangoni.

"Mimi ni ndugu wa ndoa," alisema. "Sina mume, sina mtoto wa kunililia. Nitakwenda mimi."

Fundi aliacha cherehani. Alichukua tepu akaanza kumpima. Alimshonea gauni la pamba la rangi ya samli, pana, la kufanyia kazi za kumuuguza mgonjwa, na pindo akalimalizia kwa mkono. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo kwa gauni la kushindia. Alisema, "Kama mimi siwezi kufika, basi angalau kazi yangu imfikie."

Wifi akaenda. Siku chache baadaye Fundi akapiga simu, akaiweka spika ili aendelee kukata matundu ya vifungo. Iliita, kikapokea kisauti cha bibi kizee.

"Mama! Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi mwanao, mama."

"Umekosea namba, mama yangu," sauti ilisema, kwa upole kabisa. "Mwanangu yupo hapa. Ananikanda miguu."

Mkasi ukasimama. Tukasikia simu ikinyang'anywa, kisha wifi, analia. "Wifi, nisamehe. Nilipomwinamia tu alishika gauni, akapapasa pindo hadi kwenye vifundo, akasema, 'Umekuja.' Nikamwambia mimi siye. Hataki kusikia. Anakula sasa, wifi, anakula vizuri. Nimwambieje?"

Nilitamani kumpokonya simu ile, niitupe mtaroni. Fundi aliisogeza karibu na mdomo.

"Usimwambie," alisema. "Akikuita mwanangu, itika."

Akakata simu. Nilisubiri alie, hakulia. Akainuka, akashusha kitambaa rafuni, akakitandaza mezani na kuchukua chaki.

"Gauni moja halitoshi," aliniambia bila kunitazama. "Likifuliwa, atavaa nini?"

Akaanza kukata, kwa vipimo vya wifi yake.