Kobe wa Gamba Laini

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa sawasawa. Fundi cherehani gani huyu asiyekalika kitini? Anashona mkono mmoja wa shati, mara kasimama, kachungulia barabarani, karudi, kasahau alipoweka mkasi. Tangu mkewe afariki ndiyo ikawa balaa kabisa.

Binti yake, mtoto wa pekee, aliomba kitu kimoja tu: "Baba, nataka mnyama asiyekufa upesi." Jamani, mtoto aliyefiwa na mama yake utamnyimaje neno kama hilo? Baba mtu akafunga kibanda, huyoo, mpaka kwa mfugaji wa kobe.

Mfugaji akamwonyesha kobe wadogo ndani ya beseni, akamwambia achague mwenyewe. Fundi akafanya kama anavyofanya dukani akinunua vitambaa: akabonyeza kila gamba kwa dole gumba. Magumu akayapita. Akafika kwa mmoja ambaye gamba lilibonyea, laini, mororo. "Huyu ndiye wa daraja la kwanza," akasema. Mfugaji alijua, naapa alijua, lakini akapokea hela akakaa kimya. Macho makavu yule!

Hazikupita siku nyingi, kobe hali chakula, kope zimevimba, miguu haimbebi. Daktari wa mifugo akalibonyeza lile gamba, akaguna. "Fundi, gamba la kobe halitakiwi kubonyea. Huyu amelelewa gizani. Apate jua kila siku, na dawa hii ya mifupa. Anaweza kupona, anaweza asipone."

Fundi akarudi na kobe nyumbani. Atamwambia nini mtoto? Akawa anashika pindo la suruali, anainuka kumtazama kobe, anakaa, anainuka tena. Suruali ya watu akaikosea, mguu mmoja mfupi. Mwisho akaona liwalo na liwe: binti akiwa shuleni, atamrudisha kobe kwa siri, aje na mwingine anayefanana naye. Akamtia kwenye mfuko. Kufika mlangoni, uso kwa uso na binti, amerudi mapema.

"Unampeleka wapi?"

Uongo ulimkataa. "Huyu anaumwa, mwanangu. Pengine hatapona. Nakwenda kumbadilisha, nikuletee mzima."

Binti hakulia. Akaupokea mfuko, akachungulia ndani.

"Mama alipoumwa, ulimbadilisha?"

"Mwanangu! Mama yako nilikaa naye mpaka mwisho."

"Basi na huyu tukae naye."

Aibu ilimshika baba, na uchungu aliokuwa akiukimbia muda wote ukamkaba hapohapo mlangoni. Wakamtoa kobe, wakamweka uani penye jua, wakachuchumaa pembeni yake. Kobe akafumbua jicho moja, akalifumba.

"Na akifa?" baba akauliza.

Binti akamgeuza kobe aelekee jua.

"Tutalia wote. Safari ile ya mama nililia peke yangu, wewe ulikuwa huko barabarani."