Nilivyochoka Kuwa Afrodita

Siku yangu ya kwanza kazini sikuajiriwa kuwa mungu wa mtu yeyote. Niliajiriwa kuwa fundi cherehani. Ulikuwa ukumbi wa harusi huku Carrollton, kaskazini ya Dallas, jengo lililokuwa duka la samani kabla mwenyewe, mzee wa asili ya Ugiriki, hajalipachika nguzo nyeupe mbele likafanana na hekalu. Nguzo zilikuwa za povu gumu lililopakwa rangi ya marumaru. Ukiziegemea, zinabonyea. Nilipewa chumba nyuma ya jukwaa na cherehani mbili. Kazi yangu ilikuwa kubana na kuachia: kubana ni kwa bibi harusi aliyekondeshwa na wasiwasi, kuachia ni kumtilia kikwapa, kile kipande cha kitambaa cha chini ya mkono, yule ambaye wasiwasi ulimfanya ale. Wa kuachia ndio walikuwa wengi.

Kila harusi pale ilikuwa na Afrodita, mungu wa kike wa mapenzi katika hadithi za Wagiriki wa kale. Msichana wa chuo alivalishwa gauni jeupe na shela, akashuka ngazi baada ya viapo, akawafunga maharusi mikono kwa mshipi wa rangi ya dhahabu. Jumamosi ya wiki yangu ya kwanza msichana alipiga simu kwamba haji tena, si leo wala kesho. Msimamizi wa Sherehe, mwanamke mrefu ambaye hakusema neno bila kutazama saa, aliingia chumbani kwangu akanikuta nimelivaa gauni lile juu ya nguo zangu, napima pindo mbele ya kioo.

"Unaitwa nani vile?" akaniuliza.

"Zuhura."

"Lina maana gani?"

Nikamwambia ni ile nyota inayong'aa alfajiri. Akaitafuta kwenye simu yake. "Hii ndiyo Venasi," akasema. "Venasi na Afrodita ni mtu mmoja. Unashuka baada ya dakika nane."

Nilimwambia mimi ni Mwislamu, siwezi kusimama mbele za watu nikajiita mungu. Akatazama saa. "Usiseme neno. Funga mikono, tabasamu, ondoka. Ni kuigiza tu, Zuhura." Shela ilinifunika nywele, gauni lilinifika sakafuni, na mikono ya gauni nilikuwa nimeirefusha mwenyewe wiki ile. Nikashuka. Kama ningejua kwamba nitaishuka ngazi ile kwa miaka kumi na moja, ningejikwaa kwa makusudi.

Nyinyi mnaoanza kazi za sherehe sasa, mkiwa na taa za kompyuta na maua ya plastiki yasiyonyauka, hamjui tulivyofanya. Kushuka kulikuwa na mwendo wake, tukiuita mwendo wa sinia: unatembea kama uliyebeba sinia la glasi kichwani, magoti yanafanya kazi, kichwa hakijui. Mshipi ulifungwa fundo la uongo, yaani fundo linaloonekana limekaza na kumbe ukivuta ncha moja linafunguka, kwa sababu kuna bwana harusi mmoja aliyewahi kufungwa fundo la kweli na mkasi haukuonekana. Njiwa tuliowarusha mwisho wa sherehe nao hawakuwa njiwa wa porini. Walikuwa wa mfugaji mmoja wa Mesquite, mashariki ya jiji, waliofundishwa kurudi kwao wenyewe. Ukiwaachia, wageni hulia machozi wakidhani ndege wanaelekea mbinguni. Ndege walikuwa wanarudi Mesquite kula.

Hayo yote niliyaweza. Kilichonichosha ni watu kuamini.

Mwaka wa pili walianza kupiga simu. Mume amehama chumba, Afrodita aje awafunge tena. Msichana amekataliwa, Afrodita amguse kichwani. Mwanamke mmoja alinifuata mpaka maegesho, nikiwa nimevaa baibui langu na mfuko wa vitunguu mkononi, akaniuliza mbona mchumba wake hajibu ujumbe. Nikamwambia sijui. Akaniangalia kama daktari aliyekataa kumtibu. Na Waswahili wenzetu wa pwani walioko Carrollton wakagawanyika. Nusu walinong'ona kwamba Bi Zuhura amekuwa sanamu la makafiri. Nusu nyingine waliniletea binti zao niwatafutie waume. Wengine walifanya yote mawili siku moja.

Mume wangu, Athman, alikuwa akiendesha lori la masafa marefu, na siku zake za nyumbani zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Zangu zilikuwa Jumatatu na Jumanne. Tuliishi kama walinzi wanaopokezana lindo.

"Unawafunga watu wote mji huu," aliniambia mara moja akivua viatu mlangoni, bila hasira. "Sisi mshipi wetu uko wapi?"

Nikamjibu kwamba nimechoka na naomba asianze. Jibu hilo nimelijutia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Baada ya miaka kumi na moja ukumbi ulifungua tawi Pearland, kusini ya Houston, ambako manesi na madaktari wa zile hospitali kubwa za mjini wamenunua nyumba na wanaoana kila wiki. Nilihamishiwa huko. Nilikuwa natoka Carrollton Alhamisi, saa nne na nusu za barabara, na kurudi Jumapili jioni. Bosi wangu mpya, Meneja wa Tawi, alikuwa kijana mwenye kifaa kidogo cha kuongelea sikioni ambacho sikuwahi kumwona amekivua. Yeye ndiye aliyeleta kombe.

Kombe lilikuwa ganda kubwa la chaza, la fibaglasi, urefu wa mlango. Katika hadithi zao Afrodita alitoka baharini ndani ya ganda, basi na mimi nitoke humo. Nilikaa ndani nimekunja magoti, gizani, na nje mwenzangu alizungusha mkono wa chuma uliovuta mnyororo ulioinua kifuniko. Mwenzangu huyo ni Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mwanamke wa kanisa, mwenye mabega ya kubebea dunia. Tulifanana umri na magoti, na siku za kazi nililala kwake.

Meneja hakutosheka na kombe. Alitaka niseme. "Ukitoka, sema: Mimi ndimi Afrodita, naibariki ndoa hii."

"Sisemi," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza nilisema sisemi."

"Basi sema kwa lugha yako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na Mungu anakijua Kiswahili."

Tulivutana mwezi mzima. Mwishowe nilishika kipaza sauti nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusoma kasida: "Mimi Zuhura binti Salim, fundi cherehani, nawatakia ndoa ya amani, na magoti yangu yananiuma." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Meneja akafuta jicho. Nyuma ya kombe nilimsikia Mama Furaha akikohoa kuficha kicheko. Nilisema maneno yale, au yanayofanana nayo, kwa miaka mitano. Wiki nyingine nilitaja bei ya nyanya. Waliyaita baraka ya lugha ya kale, na watu wakaanza kuyaomba wanapokodi ukumbi.

Ndipo Rehema, binti yetu, akachumbiwa.

Rehema alizaliwa huku. Unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiingereza, na mnaelewana. Mchumba wake alikuwa kijana mwenye adabu kutoka familia ya Kizanzibari, na nikahi ilipangwa iwe Jumapili, Carrollton. Halafu sheikh akapata safari, ikasogezwa Jumamosi saa kumi na moja, baada ya sala ya alasiri. Nilikwenda kwa Meneja wiki saba kabla kuomba ruhusa.

"Jumamosi hiyo kuna harusi saa tano asubuhi," akasema. "Wameomba wewe. Wameomba ile lugha."

"Mtafute mwingine. Ni binti yangu."

"Nimetafuta, hakuna. Ingia, bariki, toka. Saa sita uko njiani, saa kumi na nusu uko kwa binti yako. Muda unao."

Nilihesabu kichwani na hesabu ilikubali. Athman alipiga simu akasema, "Usiende, Zuhura. Waambie hapana." Nikamjibu kwamba nimehesabu. Sikuwaogopa, mnielewe. Miaka kumi na sita ilikuwa imenifundisha kwamba bila mimi mapenzi ya watu hayatafungika. Niliwacheka wale waliopiga simu, na kumbe nami nilikuwa nimeanza kuamini.

Jumamosi ile Houston ilikuwa na unyevu wa kukamua shati. Nikaingia kombeni saa tano. Muziki ukapiga, nikasikia mnyororo unavutwa, kifuniko kikainuka upana wa kiganja, kikasimama. Muziki ukarudiwa. Kikashuka kidogo. Ukarudiwa mara ya tatu, na wageni, wakidhani ndio utaratibu wenyewe, wakaanza kuimba.

"Mama Rehema," Mama Furaha akaninong'oneza kwenye ule mwanya. "Mnyororo imekwama. Usisukume, itakuvunja mukono."

"Saa ngapi?"

"Tano na nusu. Banaenda kutafuta mutu wa kukata chuma."

Nilikaa humo nimekunja magoti, jasho likinitiririka chini ya shela, na nje bwana harusi na bibi harusi nisiowajua wakipelekwa kula kwanza ili mungu wao atolewe baadaye. Niliomba simu yangu ipitishwe kwenye mwanya. Ilikuwa kwenye chumba cha nguo, na chumba kilifungwa, na ufunguo alikuwa nao aliyekwenda kutafuta fundi. Mama Furaha alikaa sakafuni akaingiza vidole vyake ndani, nikavishika. Hakuniombea wala hakunifariji. Alinitajia saa tu, kila nilipouliza. Sita kasoro. Sita na robo. Sita na nusu.

Walinitoa saa saba kasoro dakika tano. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Meneja alikuja amenyoosha kipaza sauti.

"Vizuri sana, Zuhura. Wageni wako mezani. Tutarudia kutoka pale penye muziki."

Nikamtazama. Nikafungua ule mshipi kiunoni nikamtundikia shingoni. "Fundo ni la uongo," nikamwambia. "Vuta ncha hii." Kisha nikapita katikati ya meza na gauni langu, watu wakisimama kunipigia makofi, na Mama Furaha akanikimbilia na mkoba wangu mpaka garini.

Barabara ya kwenda Dallas ni ndefu ukiwa na haraka. Nilimpigia Athman, akasema watanisubiri. Saa kumi na moja nilikuwa bado njiani, foleni imesimama kusini ya Dallas, magari hayaendi mbele wala nyuma. Akapiga tena. Sheikh alikuwa na ndege ya kuwahi. "Mimi ni walii wake, ndimi ninayemwozesha, lazima niwepo pale," akasema. "Zuhura, tunaanza."

Niliingia saa kumi na mbili na nusu. Nikahi ilikuwa imeshasomwa, pilau limeshapakuliwa. Wanawake walikuwa upande wao, na walipogeuka wakaniona mlangoni na gauni la Afrodita, matone ya jasho shingoni, mazungumzo yakakatika. Rehema alisimama. Alikuwa mzuri, na mimi sikuwa nimemvisha. Mtu mwingine alimfunga vifungo vya mgongoni, na kimoja kilikuwa kimerukwa.

Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba alimsubiri mama yake na amekuja yule mwingine.

Nikamgeuza nikakifunga kile kifungo.

Jumatatu nilipiga simu Pearland nikaacha kazi. Meneja aliniuliza kama nimekasirika kwa sababu ya kombe, nikamwambia kombe lina haki ya kuchoka. Mama Furaha aliacha mwezi uliofuata. Sasa anawahudumia wazee majumbani na anasema wazee ni wepesi kuliko kile kifuniko. Athman naye amestaafu. Miezi ya mwanzo tuliogopana kidogo, watu wawili wenye Jumamosi nzima na hawajui waifanyie nini. Tulianza kwa kwenda sokoni pamoja. Anachagua mihogo mibaya, nami nanyamaza.

Bado wananipigia. Juzi mama mmoja wa hapa Carrollton alitaka nimshauri kuhusu mkwewe. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, kama mkwe ana suruali ya kukata amlete. Akaudhika. Na audhike. Mkifanya kazi inayowafurahisha watu, hawatawauliza kama mmechoka, maana furaha yao haina sehemu ya swali hilo. Mtajiuliza wenyewe, na mjiulize mapema. Mimi nilichelewa kwa saa moja na nusu, na saa hiyo moja na nusu sijui mahali pa kuirudisha.

Rehema na mimi tulikaa mwaka mzima tukizungumza mambo ya chakula tu. Mwezi uliopita alikuja na mtoto wake mchanga na video ya nikahi, ambayo sikuwa nimeiomba wala yeye hakuwa ameitoa. Tukakaa sebuleni, Athman katikati. Nilimwona sheikh, nikawaona wanawake wamejaa mpaka ukutani, wengine wamesimama kwa kukosa pa kukaa. Kando ya bibi harusi palikuwa na kiti kitupu. Mkoba mweupe wa Rehema ulikuwa juu ya kiti hicho. Shangazi mmoja akaja, akauinua mkoba akae, na Rehema, bila kugeuza kichwa, akaunyakua akaurudisha palepale.

"Stop hapo," nikamwambia Athman. Akasimamisha picha. Rehema akaniwekea mtoto mapajani.