Siku Niliyomharibia Mjomba Kanzu ya Ndoa

Mpaka leo nikipita kijiji cha Mkunya nashusha kofia mpaka kwenye nyusi, maana kule bado kuna akina mama wakiniona tu wanaitana, "Njooni, fundi wa viti huyo!" na kucheka mpaka wanashika ukuta. Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu ukiisikia kwao utaambiwa bwana harusi aliharisha, na mjomba wangu hakuharisha. Kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye mbao za kiti.

Mjomba Hamisi ndiye aliyenilea hapa Newala. Ujana wake wote alikuwa dereva wa mnunuzi mmoja wa korosho, na yule tajiri alipofunga biashara na kuondoka nchini alimwachia gari lake, la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane. Lilikuwa limekwisha kufa. Likakaa uwani chini ya mkorosho miaka na miaka, kuku wakitagia ndani, na watu wakawa wanaelekezana, "Nyumba ya Mzee Hamisi ni ile yenye gari bovu."

Basi mjomba, mjane wa siku nyingi, akampenda Mama Zuhura wa Mkunya, mjane mwenzake. Mama Zuhura alikubali ila akaomba ndoa ya kimya, bila watu wengi (hatukujua kwa nini). Kaka yake, Bwana Rajabu, ndiye aliyekuwa mgumu. Alimwambia mjomba mbele yangu, "Shemeji, nakuheshimu, lakini mtu aliyeshindwa kutunza gari uwani kwake, dada yangu atamtunzaje?" Mjomba akatabasamu tu, akaaga. Njiani alitembea kichwa chini, na mimi niliyemzoea kwa hadithi zake nikaumia kuliko kama angelia.

Hapo nikaapa kwamba mjomba atakwenda kuoa ndani ya gari lile lile.

Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuogopa kuvifunga. Bahati nzuri ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, Masasi sokoni vipuri vimeanza kumwagwa juu ya maturubai pamoja na mitumba. Kabureta nikatoa kwenye lori lililokufa, betri ikatoka kwenye trekta, taa za mbele ni za basi (zilikuwa kubwa kidogo, gari likawa na sura ya mtu aliyeshtuka). Na kwa kuwa sikutaka liwake tu, nilitaka lingurume, nikaenda Ndanda kwa fundi mmoja wa kuchomelea, akanitengenezea bomba la moshi pana kuliko la mwanzo. Halikuenea mahali pake, nikalipitisha juu zaidi, karibu kabisa na sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Nikajisifu kwa hilo.

Kiti chenyewe fremu yake ilikuwa imeliwa na kutu, nikaweka mbao. Sasa mbao huku kwetu ni chakula cha mchwa, na kila mtu anajua dawa yake: mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi, wazee wanapaka nguzo za nyumba. Nikapaka. Yakakauka vizuri. Mtu mwingine angeishia hapo, lakini mimi nina ugonjwa wa kuona kazi haijaisha, nikapaka tena. Na jioni ya kuamkia ndoa, nikiwa sina la kufanya isipokuwa kuwa na wasiwasi, nikaona kona moja kama haijakolea (sasa nadhani kilikuwa kivuli tu), nikapaka mara ya tatu, tena kwa ukarimu. Asubuhi mafuta bado yalikuwa yananata. Nikasema si kitu, juu kuna sponji na kitambaa, nani atajua?

Mjomba alitoka ndani na kanzu nyeupe mpya, kofia ya kufuma, ananukia udi. Akaenda moja kwa moja kukaa mbele.

"Mjomba, hapana. Leo wewe unakaa nyuma."

"Mimi nyuma sijakaa tangu gari hili lizaliwe. Nyuma ni kwa bosi."

"Na leo bosi ni nani?"

Akanitazama kidogo, kisha akainama na kuingia nyuma polepole, akapapasa kitambaa cha kiti kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Nilijifanya naangalia mafuta ya injini, macho yalikuwa yamejaa.

Gari likawaka mara ya kwanza. Likanguruma, kuku wakatawanyika, na mimi badala ya kwenda Mkunya moja kwa moja nikazunguka sokoni, nikapita mbele ya msikiti, nikarudi tena sokoni, maana kulikuwa na watu ambao hawakuona vizuri. Tulipoiacha lami ya mjini mjomba akaanza kujisogeza huku na huku.

"Selemani, mwanangu, hiki kiti kina moto."

"Ni injini, mjomba. Ina nguvu."

Tukaenda kidogo.

"Hii nguvu naona inanipanda."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka na nikaongeza mwendo.

Mkunya walikuwa wamejaa barabarani. Vigelegele, vumbi jekundu, Bwana Rajabu mwenyewe amesimama mbele mdomo wazi, anazunguka gari, anagusa boneti, na mimi kifua kimenijaa. Nikafungua mlango, mjomba akashuka, akapiga hatua mbele kuwasalimu wakwe zake. Vigelegele vikaanza kukatika kutoka nyuma kuja mbele, kama mvua inayohama. Nikageuka nitazame wanatazama nini.

Kanzu nzima nyuma, kuanzia kiunoni mpaka magotini, ilikuwa na doa la kahawia iliyokolea, bichi, linang'aa.

"Yalaa," mama mmoja akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "mzee wa watu, safari imemshinda."

Nikafanya lililonijia kwanza. Nikajibandika mgongoni kwa mjomba, tukatembea tumeshikana hivyo, yeye akienda naenda, akisimama nasimama, huku nikitabasamu kushoto na kulia.

"Wewe kijana," akasema Bwana Rajabu, "mbona unamkanyaga bwana harusi visigino?"

"Ndiyo desturi ya kwetu, shikamoo," nikajibu. (Desturi hiyo haipo, na shikamoo nilikuwa nimekwisha kumpa.)

Barazani wametandika mkeka mpya, shehe ameshakaa. "Karibu, bwana harusi, keti." Mjomba hakuketi. Mafuta yale, kwa asiyejua, yanaunguza ngozi, na wakati huo yalikuwa yameshapenya. Akainama nusu, uso ukakunjamana, akasimama tena. Shehe akarudia. Mjomba akasema kwa adabu, "Nitasimama tu, shehe."

Bwana Rajabu akageuka rangi. "Hata kuketi kwenye mkeka wetu hataki? Anatuonaje huyu? Basi, kama ametudharau, dada yangu hatoki humu ndani!"

Mjomba akanitazama. Hakunikasirikia hata kidogo. Nikatoka mgongoni kwake, doa likaonekana na baraza zima, nikaanza kueleza: bomba la moshi, mbao, mchwa, kona isiyokolea, mara ya tatu. Nilieleza kwa kirefu mno. Mtu mmoja alianza kucheka, akanyamazishwa, na mimi nikawa nalia waziwazi, kijana mzima, "Msimkatae mjomba, mkatalieni gari, lakini yeye msimkatae."

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia. "Kaka, mwulize huyo mtoto, ni mafuta ya maganda ya korosho?"

"Ndiyo, mama," nikajibu mwenyewe. "Shikamoo."

"Marahaba."

Pazia likasogea, na mikono miwili ikatoka. Ilikuwa imepakwa hina vizuri, lakini chini ya hina vidole vilikuwa vyeusi, ngozi imebabuka na kupona na kubabuka tena. Mama Zuhura alikuwa mbanguaji wa korosho, kazi ya kuzitoa kwenye maganda yale yale, ndivyo alivyolea watoto wake.

"Mnaiona?" akasema. "Nilitaka ndoa ya kimya kwa sababu naona haya kushika mikono ya watu kwa hii yangu. Nikajiuliza mzee msafi kama yule atanishika vipi. Sasa na yeye kapakwa." Sauti ikakatika kidogo, sikujua kama ni kicheko. "Kaka, mpe mafuta ya nazi ajipake, yanauma hayo, mimi nayajua. Halafu mtufungishe ndoa, kuna joto humu."

Mjomba akaisogelea ile mikono, akaishika yote miwili mbele ya shehe, kabla ya wakati wake, na hakuna aliyemkemea.

Bwana Rajabu akaingia ndani bila kumtazama mtu. Alirudi na chupa ya mafuta na msuli wake mwenyewe, mpya, bado una mikunjo ya dukani. "Vaa, shemeji," akasema. "Na ukae upande mmoja." Ndoa ikafungwa hivyo, bwana harusi ameegemea ubavu kama mtu anayesikiliza redio.

Kurudi, maharusi walikaa mbele, mjomba akiendesha. Mimi nilirudi kwa miguu, kwa hiari yangu.

Sijapona ugonjwa wa kuona kazi haijaisha, wala sidhani nitapona. Lakini nimejiwekea sharti moja: kiti chochote nikitengeneza, cha gari, cha sebuleni, hata kigoda, nakikalia mimi kwanza, kutwa nzima, juani, nikiwa nimevaa nyeupe.